Papa Bisimwa na Divai za Zamani za Nguba

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za kave, lile ghala la divai la chini ya hoteli. Wenzangu wadogo wa mezani walininunulia keki, wakaniomba niandike yale niliyokuwa nikiwasimulia nusu nusu tukipangusa glasi. Juu ya vyeo nilivyoshika mniwie radhi, sitaandika. Vilikuja na kuondoka kama rangi za ukuta, na kila rangi mpya ilinuka wiki moja tu. Nitaandika juu ya divai nyekundu za zamani tulizokuwa nazo wakati nchi iliitwa Zaire, na juu ya mtu aliyenifundisha kuzionja.

Niliingia hotelini nikiwa na miaka ishirini na miwili. Hoteli ilikuwa Nguba, mtaa wa Bukavu, mgongo kwenye barabara, uso kwenye ziwa. Mwenyewe alikuwa Mbelgiji, Mesié Gaston, mtu wa maneno machache na kofia nyingi. Mimi niliitwa Berthe bado. Habari ya kuacha majina ya Kizungu ilipotufikia nikawa Nabintu, jina ambalo mama alikuwa akiniita tangu nizaliwe, kwa hiyo kwetu nyumbani mageuzi hayo hayakumsumbua mtu. Nilikuwa nimesoma kwa masista, nilijua Kifaransa cha kuandika barua, na nikapewa kazi ya kupiga pasi vitambaa vya meza.

Lazima niseme kidogo juu ya mama. Alikuwa akitengeneza kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kule Kadutu. Sisi watoto ndio tuliotumwa kuinamia mtungi, kunusa, na kumwambia kama imefika, kama bado, au kama imegeuka. Ukikosea, wateja walikuja kukutafuta kwa jina. Hakuna aliyeita jambo hilo kipaji. Ilikuwa kazi ya nyumbani, kama kufagia.

Mwezi wa tatu wa kazi, nikiwa na pasi mkononi, alipita Papa Bisimwa kwenye korido akiwa amebeba karafu, ule mtungi wa kioo wa kumiminia divai. Yeye ndiye aliyekuwa mtunza kave. Alikuwa amepita miaka hamsini, koti jeupe, nywele za mvi zilizokatwa fupi, na alitembea kama mtu anayepita penye mtoto aliyelala. Karafu ilipopita karibu nami, nilishindwa kunyamaza.

"Papa, samahani. Hii divai iko na harufu ya gunia."

Akasimama. "Gunia gani?"

"Gunia ya kahawa. Yenye ilinyeshewa mvua, halafu ikakauka mubaya."

Nilitegemea anikemee. Badala yake aliangalia pande zote mbili za korido, akanisogezea karafu usoni. "Nusa tena. Uko hakika?"

"Niko hakika, Papa."

Akageuka, akarudi nayo. Baadaye nikasikia kwamba Mesié Gaston mwenyewe aliinusa na kuimwaga. Ni ugonjwa wa kizibo: gome la mti likiwa na kasoro, linaiambukiza divai, na hata iwe ya thamani gani, inanuka kama stoo yenye unyevu. Wiki iliyofuata niliambiwa niache pasi, nishuke kave.

Mesié hakupenda. Alisema mwanamke akiingia kave divai inageuka siki. Sikushangaa sana, maana kuna wazee kwetu waliosema karibu maneno hayo hayo juu ya mitungi ya pombe. Papa Bisimwa alimjibu kwa upole, "Mesié, kule kwenu nani anavuna zabibu?" Mesié akafikiri, akavaa kofia, akatoka. Hilo ndilo lilikuwa jibu.

Kave ilichimbwa ndani ya mlima, ngazi kumi na saba za mawe kwenda chini. Mmezoea, hamuishangai tena. Lakini jueni kwamba baridi ya Bukavu ndiyo iliyotupa kazi. Divai nyekundu ya zamani inataka baridi isiyobadilika, giza, na unyevu kiasi cha kuharibu karatasi ya chupa lakini si kizibo. Chupa zililazwa kwa safu, na zile za nyuma kabisa zilinizidi umri. Kulikuwa na moja ya mwaka ambao vita vya Wazungu viliisha. Kulikuwa na mbili za mwaka aliozaliwa baba yangu. Papa Bisimwa alinionyesha hizo siku ya kwanza kwa mkono, bila kuzigusa, kama mtu anayetambulisha wakwe.

Miezi minne sikuonja kitu. Nilijifunza kubeba. Divai nyekundu ikizeeka inaweka tope chini, na ukiitikisa, tope linaamka na kuharibu kila kitu. Kwa hiyo unaisimamisha chupa siku mbili kabla. Unafungua bila kuigeuza. Kizibo cha zamani kinavunjika kama mkate mkavu, ndiyo maana msitumie ile skurubu ya kawaida. Tumieni kile chombo cha bapa mbili, moja upande huu, nyingine upande ule, mnakisokota polepole mkiwa mmenyamaza. Halafu unamimina kwenye karafu, mshumaa ukiwaka nyuma ya shingo ya chupa, na unapoona uzi mweusi wa tope unakaribia shingo, unaacha. Hata kama imebaki glasi nzima, unaacha. Watu wengi wameharibu chupa nzuri kwa kuhurumia glasi ya mwisho.

Kisha nikaanza kuonja, na kutema. Kutema kulinishinda. Masista walikuwa wamenifundisha mambo mengi, lakini hakuna hata moja lililohusu kutema mate kwenye ndoo mbele ya mwanaume mwenye umri wa baba. Papa Bisimwa aligeuza uso ukutani kila nilipotema, miezi miwili mizima, mpaka nilipomwambia, "Papa, sasa unaweza kuangalia."

Alinifundisha pia maneno. Violette, truffe, cèdre: ua, uyoga na mti wa kwao Wazungu. Niliyaandika kwenye daftari na kuyakariri kama katekisimu, ingawa sikuwa nimewahi kuona hata kimoja cha vitu hivyo.

Kesi ngumu ya kwanza ilikuwa ya Sange. Masanduku ya divai yalifika kwa treni mpaka Kigoma, yakavuka Tanganyika, yakapakiwa kwenye lori Uvira. Lori likavunjika Sange, kwenye uwanda wa Ruzizi, na mnajua jua la kule. Lori lilisimama siku nne. Masanduku yalipofika kwetu, dereva aliapa kwamba hakuna hata chupa moja iliyovunjika, na ilikuwa kweli. Papa Bisimwa alipitisha kidole juu ya kila kizibo. Vilikuwa vimesukumwa nje, kidogo tu, unene wa kucha.

"Imepikwa," akasema.

"Hatuonji, Papa?"

"Onja wewe, uniambie kama minadanganya."

Nikaonja. Ilikuwa kama matunda yaliyosahauliwa jikoni. Nilimstaajabia sana siku ile, mtu anayeijua divai kwa kidole. Masanduku yote yalikwenda kwa mpishi, na nusu mwaka mzima wageni walisifu mchuzi wetu.

Halafu biashara za wageni zikapewa wananchi. Mesié Gaston aliondoka na kofia zake zote isipokuwa moja, aliyompa Papa Bisimwa, nayo haikumwenea. Hoteli ikapewa Citoyen, yaani Mwananchi, ndivyo tulivyoitana wakati ule, Ntakwinja, mtu wa Walungu aliyekuwa mnunuzi wa kahawa. Alivaa abakosti, ile suti ya wakati ule isiyo na tai, iliyopigwa pasi vizuri kuliko nilivyoweza mimi, na hakunywa kitu kingine ila bia. Siku ya kwanza alishuka kave, akasimama mbele ya safu za nyuma.

"Hii iko ya miaka makumi tatu? Si iliisha oza?"

"Zingine ndiyo, Citoyen," akajibu Papa Bisimwa. "Zingine hapana."

"Na wewe unajuaje?"

"Minaonja."

Citoyen akamwangalia muda mrefu. Wakati ule alikuwa akiwaondoa mmoja mmoja wafanyakazi wa zamani aliowaita watu wa Mesié. Mtunza bustani alikuwa ameshakwenda. Mpishi mkuu pia. Tulijua zamu yetu iko njiani.

Ilikuwa kipindi hicho, asubuhi moja, nikaingia kave na harufu ikanipiga usoni kutoka ngazi ya kwanza. Taa ya petroli, ndivyo tunavyoita mafuta ya taa, ilikuwa imetoboka na kumwaga tumbo lake lote sakafuni. Chini kabisa, Papa Bisimwa alikuwa ameketi kwenye kiti chake, miguu karibu ndani ya petroli, mshumaa mbele yake, kibiriti mkononi, njiti imeshatoka.

"Papa! Usiwashe!"

"Ju ya nini?"

"Petroli! Petroli kila pahali!"

Akatazama sakafu. Akanitazama mimi. Akairudisha njiti kwenye kibiriti polepole sana.

"Leo niko na mafua," akasema.

"Ndiyo, Papa," nikasema, nikaenda kutafuta mchanga.

Nikimwaga ule mchanga nilielewa. Mafua yale yalikuwa na miaka. Ile karafu ya korido hakuwa ameinusa kabisa. Chupa za Sange alizijua kwa kidole kwa sababu kidole ndicho alichobaki nacho. Na kila mara aliponiambia "onja, unieleze," nikadhani ni mtihani, kumbe alikuwa akiuliza kweli.

Nilikasirika, sitaficha. Wiki nzima nilimjibu kwa ndiyo na hapana. Nilijiona kama mwavuli ulioazimwa. Lakini anayekuazima hakufundishi njia ya kwenda bila yeye, na yule mzee alikuwa amenipa kila kitu alichojua: chupa, bapa, maneno, hata jina la baharia aliyemfundisha Mesié kuonja. Jumatatu iliyofuata nilimletea chai. Aliipokea kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo nilinusa kwanza, yeye akaonja baadaye, na nilimwambia kwa sauti ya chini kabla hajaulizwa.

Sasa nifike kwenye siku iliyotupima. Kulikuja ujumbe wa madaktari wa ng'ambo waliotaka kusaidia hospitali moja ya mkoa. Mkubwa wao, mzee mrefu mwenye miwani, alikuwa mtoto wa wakulima wa zabibu, na aliposikia kwamba Nguba kuna kave ya zamani, aliomba kuonja. Citoyen akaona hapo ndipo hoteli itajulikana. Akawaalika wakubwa wa mkoa, watu kumi na wawili, kwenye baraza la juu ya ziwa, kabla ya chakula cha mchana. Chupa nne. Asubuhi akatuita.

"Muzee, wewe utaonja mbele ya bageni, sawa vile mulikuwa munafanya na Mesié. Kama inaenda muzuri, unabaki. Kama unanipatisha haya, unaenda kupumuzika kwako. Tunasikilizana?"

"Tunasikilizana, Citoyen."

Chupa ya kwanza ilikwenda vizuri, na ya pili vizuri zaidi. Nilizifungulia kwenye chumba kidogo cha nyuma, nikanusa, nikamwambia Papa mlangoni, akatoka nje, akaonja kwenye kisahani chake cha fedha cha kuonjea, akasema maneno yaliyostahili. Yule daktari akatikisa kichwa kwa heshima. Wakubwa wa mkoa wakatikisa vya kwao kwa kumfuata.

Ya tatu ilikuwa ile ya mwisho wa vita. Tulikuwa nayo moja tu. Lakini safari hii Papa hakurudi mlangoni. Daktari alikuwa amemshika kwa maswali, ilinunuliwa wapi, ilifikaje, na Papa alikuwa amesimama katikati ya baraza akisimulia. Nikaitoa kizibo, kikatoka kizima. Nikafurahi. Nikainama kunusa.

Gunia la kahawa lililolowa.

Nilirudia mara tatu, nikitamani nikosee. Citoyen akaniita kutoka nje, "Maman Nabintu, tunangoja!" Sikuwa na nyingine ya kuweka mahali pake. Nikatoka na karafu. Papa akanyoosha kisahani bila kunitazama, maana alikuwa bado anasimulia. Nikamimina. Rangi ilikuwa nzuri ajabu, nyekundu inayoelekea tofali, na nilimwona akiifurahia kwa macho. Akaonja. Akavuta pumzi ya kuanza kusifu.

Nikasema kwa Mashi, lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama alete vitambaa, "Papa, imekufa. Ni kizibo."

 Alimeza, akaweka kisahani mezani.

"Mabwana," akasema kwa Kifaransa chake kilichonyooka, "niwieni radhi. Hii tulikuwa nayo moja, na imekufa. Kizibo kimeiua. Sitawapa."

 Citoyen akabadilika uso. Daktari akanyoosha mkono, akaomba karafu, akainusa kwa muda mrefu. Kisha akavua miwani. Alisema kwamba ni kweli, imekufa, na kwamba amekaa kwenye meza nyingi za kwao ambapo divai kama ile ilimiminwa na kusifiwa kwa sababu ya mwaka ulioandikwa kwenye karatasi. Akasimama, akampa Papa Bisimwa mkono. Chupa ya nne ilikuwa ya mwaka aliozaliwa baba yangu, nayo ilikuwa hai, na wageni walikwenda kula wakiwa na furaha.

Nilidhani tumepona. Saa mbili baadaye tukaitwa ofisini.

Citoyen alifunga mlango mwenyewe. "Ile divai ya tatu, nani alijua kama imekufa?"

"Ni Papa," nikasema.

"Maman," akasema, "mimi ni Mushi wa Walungu. Mama yangu hakunifundisha luga ingine mbele ya ile. Unasema kwa Mashi mbele yangu, unazani minasikia nini? Ndege?"

Nilitazama chini. Katika mipango yangu yote nilikuwa nimewafikiria wageni tu.

Papa Bisimwa akasogea mbele. "Nabintu, acha. Citoyen, pua yangu ilikufa. Nilipata homa kali, nikapona, ila pua haikurudi. Iko mwaka ya tano sasa. Huyu njo alikuwa ananusa. Mimi nilikuwa nasema tu." Alisimama wima akisema hayo, kama mtu aliyefika mwisho wa ngazi na mzigo wake haujaanguka.

 Citoyen aliinuka, akaenda dirishani. Niliwaza juu ya nyumba ya Papa kule Nyalukemba, mke wake, watoto aliowasomesha. Nilijilaumu kwa kila silabi ya Mashi niliyotamka.

"Munajua," akasema Citoyen, mgongo ukiwa kwetu, "tangu nipewe hii hoteli, niko nakunywa divai na bakubwa. Wananiuliza: Citoyen, unaionaje? Minajibu: iko bien, iko bien. Mi sijui kitu! Ata ile yenye ilikufa, ningesema iko bien." Akageuka. Alikuwa anacheka, lakini macho yalikuwa mazito. "Muzee, mbele ya bale bageni, ulikuwa unaweza kudanganya. Nilikutisha asubuhi, na chupa ilikuwa moja. Ju ya nini haukudanganya?"

Papa alifikiri. "Divai ilikuwa ya kwako, Citoyen. Ila jina ya kave ni ya sisi bote."

Citoyen akarudi kuketi. "Bon. Hapa tuko batu batatu. Babili hawasikii kitu ya divai, mumoja anasikia. Nitafukuza nani? Rudini kazini."

Tukarudi. Ila aliyekataa kuendelea vile alikuwa Papa mwenyewe. Kesho yake alinipa kisahani cha fedha, akasema kuanzia sasa mimi nitasimama mbele na yeye atabeba karafu. Mara ya kwanza nilipotoka barazani na kile kisahani, wageni walitazama nyuma yangu wakimtafuta mwanaume. Papa Bisimwa akawaambia, kwa kile Kifaransa chake, "Ni bibi ndiye anayeamua." Akasogea hatua moja nyuma. Nawaambieni ninyi mnaopenda kusimama mbele: hatua ile moja ya nyuma ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizomwona akifanya.

Miaka ikaendelea. Malori yaliacha kuleta divai, barabara ikaharibika, wageni wakapungua. Chupa za nyuma tulizifungua moja moja kwa sababu ndogo na kubwa. Papa Bisimwa alistaafu, magoti yakamkatalia ngazi. Ilipobaki ya mwisho kati ya zile za zamani, ya pili ya mwaka wa baba yangu, divai ilikuwa imeshuka mpaka mabega ya chupa, na nilijua haitafika mwaka mwingine. Nikamweleza Citoyen. Akasema, "Peleka kwa muzee. Mutanisalimia yeye."

Niliibeba mpaka Nyalukemba kwa miguu, mikononi kama mtoto mchanga, nikaisimamisha kabatini kwake siku mbili. Jumapili baada ya misa nikarudi na mshumaa na glasi mbili. Mke wake akatuachia meza.

Nikamimina. Nikanusa. Akangoja, mikono magotini.

"Niambie," akasema.

Nikaanza, violette, cèdre, kama alivyonifundisha. Akainua kidole.

"Nabintu, mi sijaona violette tangu nizaliwe. Mesié alisema, na mimi nikasema. Niambie kitu yenye minajua."

Nikanusa upya. Nikamwambia: iko na majani ya migomba yaliyooza baada ya mvua. Iko na tumbaku ya kiko. Iko na sanduku la mbao ambamo nguo za harusi zimekaa muda mrefu. Nyuma kabisa, mbali, iko na ndizi iliyoiva shimoni, siku ile unapoondoa majani.

Alifumba macho. Kisha akachukua glasi yake, akanywa, akaizungusha mdomoni taratibu kama alivyonifundisha mimi. Alikaa hivyo mpaka nikadhani amesahau kumeza.

"Na chumvi," akasema.

"Chumvi, Papa?"

"Iko na chumvi kidogo, pembeni ya ulimi. Haukusema chumvi."

Sikuwa nimeisikia. Kwa miaka ile yote nilikuwa nimeitegemea pua hata nikausahau ulimi. Nikainua glasi, nikaonja tena bila kunusa, nikingoja. Ilikuja mwishoni, pembeni, ndogo sana.

"Ndiyo, Papa," nikasema. "Iko."